Kifungo na Gauni Jeupe

Fundi alisukuma mlango, akatupa mkoba kitini, kisha akapiga yowe. Mumewe akatoka bafuni mbio, povu la sabuni masikioni.

"Kuna nini? Mwizi?"

"Heri angekuwa mwizi!"

Gauni la harusi la mdogo wake lilikuwa limeteleza kutoka juu ya cherehani hadi sakafuni. Pindo lina doa la njano, bado bichi. Pembeni ameketi Kifungo, mbwa wao mchanga, wa ile aina ndogo ambayo hata ikizeeka haifiki goti. Anatikisa mkia kama anayengoja zawadi.

Kutwa nzima Fundi alishona nguo za watu kiwandani. Gauni hili alilishona kwa muda wa kuibia, na harusi ilikuwa imekaribia.

"Anafanya makusudi! Kesho anarudi alikotoka!"

Mumewe, mwoka mikate, alinywea. Alimpenda sana Kifungo. "Mke wangu, huyu bado mtoto."

"Mtoto gani? Juzi zulia, jana pazia, leo gauni! Sakafu tupu haigusi. Anachagua!"

Akamshika Kifungo shingoni, amsugue pua kwenye doa.

"We! Mwache!" Alikuwa Mama Kliniki, jirani yao, mhudumu wa kliniki ya wanyama. Lile yowe lilikuwa limemtoa jikoni kwake, mwiko mkononi. "Ukimsugua pua atajifunza kukuogopa, basi. Kesho atakojoa uvunguni, usimwone."

Akampakata mbwa, akatazama huku na huku. Kwenye kona palikuwa na rundo la matambara.

"Na yale ni ya nini?"

"Choo chake," Fundi alijibu. "Tunashinda kazini, Mama. Nilimtandikia vipande vya kiwandani tangu alipofika. Alishika upesi, tukamsifu."

"Zulia ni nini, Fundi? Pazia ni nini? Na gauni?"

Fundi alilitazama rundo la matambara, kisha gauni.

"Kitambaa," alinong'ona.

"Basi mbwa wako kafunzika vizuri mno! Umemwambia choo ni kitambaa, naye katii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Fundi aliketi sakafuni, pu! Muda wote huo amekuwa akimfokea mwanafunzi mtiifu. Aibu ilimshika, na machozi yakamtoka.

"Sasa tufanyeje? Asubuhi mpaka jioni hatupo."

"Ondoeni matambara yote. Kila alipokojoa, osheni kwa sabuni, kisha siki. Harufu ikibaki, atarudi palepale. Mtoeni nje akiamka, akishakula, na kabla hamjaondoka. Akimaliza tu, msifuni papo hapo. Mkichelewa, hatajua anasifiwa nini."

"Na mchana?" mume aliuliza.

"Kibofu chake kidogo, hakiwezi kungoja jioni. Mimi huja nyumbani saa ya chakula, nitamtoa. Nisipoweza, awe kwenye kona iliyozungushiwa mbao. Upande mmoja maji na sanduku la kulalia, lisilo na nguo ndani. Upande wa pili sinia ya udongo na nyasi. Akikosea, futeni kimya kimya. Msimpige."

Wakafuata. Haikuwa lelemama. Kifungo alikosea, wakafuta. Akakosea tena, Fundi akameza maneno yake, akafuta. Kidogo kidogo, kitambaa kikaanza kumtoka akilini.

Siku ya kulijaribu gauni, bibi harusi alisimama katikati ya chumba. Fundi alikuwa amebadilisha pindo lote, nalo lilitambaa sakafuni, jeupe pepepe.

Kifungo akaja. Akalinusa pindo. Akazunguka mara moja.

Mume alishika kichwa. Fundi, pini za kushonea mdomoni, alitaka kupiga kelele, akajizuia.

Kifungo akaliacha gauni, akakimbilia mlangoni, akaanza kuukwaruza. Mume alimfungulia. Akaenda moja kwa moja kwenye nyasi, akachuchumaa.

Fundi alimpita bibi harusi bila kumtazama, pini bado mdomoni. Akazitema kiganjani, akatoka pekupeku.

"Hongera! Hongera, mwanangu! Hongera sana!"

Bibi harusi alibaki peke yake chumbani, mikono kiunoni.

"Dada," aliita, "kwani leo anayeolewa ni nani?"