Ukurasa wa Saa Kumi na Mbili

Mvua ya ghafula iliwasukuma watu wa soko la Bunia chini ya mabati, na Jemima akajikuta amebanwa mlangoni mwa sekretaria ya Rodrigue, chumba kidogo cha kuchapisha barua na kutoa fotokopi. Alivaa kitenge cha manjano, viatu mkononi, daftari kalificha kifuani.

"Uko naficha nini vile, dada? Mandazi?" Rodrigue aliuliza. Alikuwa mrefu, na shati lake jeupe lilipigwa pasi likanyooka.

"Daftari. Na iko mutupu."

Wengine wakacheka, mwenye daftari hakucheka. Jemima ndiye aliyeandika mchezo wa redio ambao mji mzima uliusikiliza kila Jumamosi. Lakini tangu amzike baba yake kule Bambu, miezi minane sasa, hakuwa ameandika hata mstari. Mkubwa wa redio alimpa muda hadi mwisho wa Julai. Baada ya hapo kipindi kingekuwa cha mwingine. Hayo yote alimweleza mtu asiyemjua, mvua ikipiga bati.

"Na uko nangojea nini?"

"Maneno ikuje."

"Mimi nafungua saa kumi na mbili, watu wakuje, wasikuje. Ukuje na weye. Ile meza ya pembeni iko bure mpaka saa moja. Ukurasa moja tu. Hata mubaya."

Kesho yake alikwenda, na tuseme ukweli, shati lile lilimvuta kuliko daftari. Siku ya kwanza aliandika juu ya harufu ya wino. Siku ya pili alikosa la kuandika, akaandika hivyo hivyo kwamba amekosa, mpaka ukurasa ukajaa. Asubuhi nyingine alifika macho yamevimba kwa kulia, akaandika vilevile. Wiki ya tatu watu wa mchezo wakaanza kusema wenyewe, naye Rodrigue akaanza kumwita sheri, yaani mpenzi, kwanza kwa utani, halafu bila utani.

Ghafla, asubuhi moja, akakuta meza imejaa maboksi ya karatasi, na Rodrigue hainui macho. Alirudi nyumbani, akampigia simu.

"Rodrigue, nimekukosea nini?"

"Kamate ni nani?"

"Kamate?"

"Uliacha karatasi hapa. 'Kamate wangu, sitaolewa na mwingine.' Iko mukono yako."

"Ulisoma kitu yangu bila kuniomba?"

"Nilisoma. Nijibu."

Neno moja lingetosha, lakini kwa hasira hakutaka kumpa. "Mwisho wa mwezi usikilize redio," akasema, akakata.

Siku iliyofuata, saa kumi na mbili, mwili wake uliamka wenyewe. Akavuta kigoda uani kwa mama yake, mtaani Shari, akaandika. Kesho yake tena. Moyo uliuma, ila mkono ulikwenda, na hapo akajua kwamba meza ilikuwa ya Rodrigue, lakini maneno yalikuwa yake. Mchezo ulifika redioni siku nne kabla ya muda.

Jumamosi sauti ya mwigizaji ikasema, "Kamate wangu, sitaolewa na mwingine." Kipindi hakijaisha, pikipiki ikasimama mlangoni. Rodrigue akashuka, vumbi jekundu hadi magotini.

"Kumbe Kamate iko mutu ya redio."

"Iko fundi ya baiskeli."

"Nilionea wivu mutu asiyekuwako. Unisamehe."

"Na kusoma?"

"Na ile pia. Sitasoma tena kama haujanipa."

Jemima alimwacha asimame kidogo juani. Alikuwa amemkumbuka mno, na hakuona haya uso wake kuonyesha.

"Nataka kutuma baba mukubwa yangu hapa kwenu," Rodrigue akasema taratibu. "Akuje kukuomba."

"Akuje Jumapili, misa ikiisha."

"Misa ya kwanza? Naweza kupita kukutwaa mbele, saa kumi na mbili."

"Apana, sheri. Ile saa niko naandika. Tutaenda ya pili."

Mama yake, aliyekuwa akichagua maharagwe kama asiyesikia, akainuka kwenda kuchemsha chai ya watu watatu.