Tundu la Saba

Lifti ya jengo la ofisi ilipofunguka asubuhi ile, watu walisukumana kana kwamba ndani kunagawiwa vitu vya bure, na chai ya Fundi ikaishia kwenye sketi ya zambarau ya dada wa ofisi ya tiketi.

"Pole, dada. Nikufulie?"

"Hata jina langu hulijui, unataka kunifulia?" Alikuwa anacheka. "Chukua namba, uniletee sabuni."

Sabuni ilipelekwa, na chai nyingine, na mwezi haukuisha wakawa wapenzi.

Kazi ya Fundi ilikuwa mtandao. Kila ghorofa ilikuwa na habu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, naye aliandika programu ndogo ya kuziuliza zote kwa SNMP, lugha ya kuhoji vifaa vya mtandao, kila dakika: mko hai? Tundu lipi lina kompyuta iliyowashwa? Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza alipogundua kwamba kompyuta ya Tiketi, ndivyo alivyomwita mpenzi wake, imechomekwa tundu la saba. Akalitegea kengele. Tiketi akiwasha, inalia. Akizima aende kula, inalia. Mapenzi yakishaingia kichwani, akili huomba likizo.

Siku moja mdomo ukamponza.

"Mpenzi, leo umekawia kurudi mezani," akasema kwenye simu. "Ulikuwa na nani?"

"Nani kakwambia nimekawia?"

Fundi akajiumauma, mwisho akasema kweli.

"Sikiliza," Tiketi akasema taratibu. "Niliwahi kuishi na mwanamume wa kunichunga, hadi viatu vyangu alikuwa ananusa. Nilimkimbia. Sirudi huko, hata kwa ajili yako."

Simu ikakatika. Punde tundu la saba nalo likazimika.

Fundi hakukalika. Akaiuliza habu, ikajibu hakuna kitu. Akauliza tena. Akapiga simu, haikupokelewa. Akashuka ngazi mbio, maana hata lifti aliiona inamfanyia makusudi.

Alimkuta Tiketi ameshika waya wa mtandao mkononi, wateja wote wamehamia kwa mwenzake.

"Kumbe miguu unayo," akasema bila kumtazama.

"Kengele naifuta leo hii. Nisamehe."

"Na ukitaka kujua niko wapi?"

"Nitakuuliza wewe."

"Nisipojibu?"

"Nitasubiri."

"Wewe? Hata chai husubiri ipoe."

"Basi nakuuliza sasa hivi. Nikuoe?"

Mwenzake akaacha kuandika. Tiketi akauchomeka waya mahali pake. "Nitakujibu. Usinipigie, usishuke huku. Nenda kazini."

Aliteseka, huyo bwana. Simu aliilaza kifudifudi, akaigeuza, akailaza tena. Habu ilikuwa palepale. Swali moja tu, angejua mpenzi wake yupo mezani au hayupo. Hakuuliza. Akakonda, mpaka mama yake akamwuliza kama ana minyoo.

Mchana mmoja simu ikalia.

"Wewe bwana, kimya gani hiki?"

"Uliniambia nisubiri."

"Na kengele yako?"

"Niliifuta. Sijui kama uko ofisini au mwezini."

Tiketi akacheka, kisha akashusha sauti. "Niko nyumbani, mama yangu yuko hapa pembeni anajifanya hasikii. Jumamosi njoo na mjomba wako."