Tanuri Lisilooka

"Unga umeumuka."

Sauti ya Tausi ilitoka kwenye redio ya Motorola, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai. Maana ya maneno hayo ilikuwa moja: kazi ianze.

Nungu alikuwa juu ya ngazi, mbele ya sanduku la fyuzi nyuma ya kiwanda cha mikate, amevaa ovaroli la fundi umeme na kofia iliyompwaya. Kiunoni, bastola ya Beretta. Mkononi, mita ya Fluke, ile yenye taya za kubana waya.

Kazi yake ilikuwa kupima umeme na kunyamaza.

Kunyamaza, yeye aliyemfundisha Tausi kushika bastola. Yeye aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, maana Tausi alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Leo Tausi ndiye kiongozi. Mkuu wa idara yao ya ujasusi humwita "jicho langu". Hata mama yao akipata mgeni humsifia Tausi, na Nungu hukumbukwa vyombo vikishachafuka.

Wivu ni mpangaji asiyelipa kodi. Ukimkaribisha ukumbini, kesho yuko chumbani. Asubuhi ile Nungu alikuwa amemwomba Mungu amtoe. Bado alikuwamo.

Ndani ya kiwanda kile wafanya magendo walikuwa wameficha mtambo wa kuita ndege. Ndege yenyewe ilikuwa angani tayari, tumbo limejaa bunduki za kuipindulia serikali. Mtambo ukizimwa, rubani hana pa kutua. Mtoa habari alikuwa amemwapia Tausi kwamba mtambo uko ghalani.

Nungu alibana waya wa tanuri la zamani. Volti mia mbili na arobaini. Ampia kumi.

Akazidisha kichwani: nguvu, wati elfu mbili na mia nne. Akagawa volti kwa ampia: ukinzani, omu ishirini na nne. Tanuri la haki, linalooka mikate ya watu.

Akabana waya wa tanuri jipya, pacha wa lile la kwanza. Alikuwa ameyaona yote mawili alipojifanya anakagua nyaya. Kibandiko kimoja, wati zilezile.

Ampia mbili na nusu.

Alipima tena. Mbili na nusu. Wati mia sita tu, ukinzani omu tisini na sita. Kwa wati hizo mkate ungetoka mbichi kama ulivyoingia.

Akabana waya wa ghalani.

Sifuri.

 Mtambo ule ulikuwa mlafi, si wa kuendeshwa kwa betri ya tochi, na ghalani hakukuwa na kitu kinachokula hata chembe ya umeme. Basi mtoa habari amenunuliwa. Mtambo uko tumboni mwa tanuri, na ghalani kuna watu waliokaa gizani wakimngoja Tausi.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha redio.

Hakikubonyeza.

Mwache aingie, wivu ulimnong'oneza. Akikosea mara moja tu, Mkuu atakumbuka nani alitangulia. Si umeambiwa unyamaze? Haya, nyamaza.

Nungu alishtuka. Kilichomshtua ni utamu wa wazo lile. Akasoma dua fupi, akabonyeza.

"Usifungue ghala. Ni mtego."

Tausi alicheka kidogo. Akamkumbusha nani anayetoa amri leo, akamwambia kwamba tangu ateuliwe, kila mlango anaoushika yeye, dada yake huuona mtego.

"Huo wivu utakuua, dada," alisema. "Naingia."

Hapo ndipo Nungu alipoyaona malipo ya wivu wake. Neno lake halikuwa na bei tena. Hata angeapa, hata angelia, kungesikika wivu tu.

Basi akaacha kusema kama dada.

"Sikiliza hesabu. Tanuri la zamani, volti mia mbili na arobaini, ampia kumi. Jipya, volti hizohizo, ampia mbili na nusu. Gawanya mwenyewe."

Redioni Tausi alisikika akinong'ona tarakimu.

"Ishirini na nne," Tausi alijibu taratibu. "Na... tisini na sita."

"Ghala, sifuri."

 Kisha ikaja sauti ndogo, ya yule mtoto wa mgongoni.

"Dada, nimeshashika kitasa."

"Kiachie polepole. Jibanze ubavuni mwa mlango. Nang'oa fyuzi ya tanuri jipya."

Tak.

Rubani akapoteza njia, akawaita wenzake wa ghalani kwa redio akifoka. Ghala likafunguka. Wanaume wawili walitoka mbio, bunduki mkononi, wakakutana na bastola ya Tausi. Mmoja alilala chini bila kuambiwa mara mbili. Wa pili aliinua bunduki kumlenga Tausi.

Nungu alikuwa ameshashuka ngazi; Beretta yake ililia kutoka mlango wa nyuma. Bunduki ikadondoka, na mwenyewe akaketi ameshika kifundo cha mkono, akitukana kwa lugha ya kwao.

Walipofungua tanuri jipya, hamkuwa na koili hata moja. Mlikuwa na mtambo mweusi, kimya kama kaburi.

Mkuu alipiga simu. Ndege imegeuza. Akamsifu jicho lake mpaka sifa zikamwagika nje ya simu, na Nungu akazisikia zote.

"Asante, Mkuu," Tausi alisema, na simu ikakatwa. Akamgeukia dada yake, macho chini. "Nitamwambia ni wewe."

"Hutamwambia, nakujua," Nungu alijibu, akimfuta unga shavuni kwa kidole gumba. "Na mimi nitakuonea wivu mpaka nizeeke. Ila nitamwonea mtu aliye hai."

Akaifuata ngazi kule nyuma, akaitia begani, akatokea mlango wa mbele, hatua za fundi aliyemaliza kazi.