Praima Isiyokauka

Nurdin alikuwa fundi rangi wa magari pale Dongobesh, na tangu aanze kazi hakuwahi kuona praima, ile rangi ya chini, ikikataa kukauka juani. Ile ya kijivu aliyoipuliza asubuhi juu ya boneti ilikuwa bado mbichi mchana. Aliigusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikanasa. Alipokivuta, rangi ilinyooka nacho kama kamasi. Ilikuwa na joto, tena si joto la bati lililopigwa na jua.

Akanusa kidole. Akatema mate.

"Tina ya kuchanganyia mbovu," alijisemea, akajifuta kwa kitambaa.

Gari lilikuwa Pijo 504 ya zamani, mali ya marehemu Isidori Akonaay wa kijiji cha Daudi. Mjane wake, Gaudensia, alikuwa amelileta likivutwa na trekta. Binti yao wa pekee, Marieta, alikuwa anaolewa kabla ya Kwaresima, na Isidori alimwahidi tangu akiwa darasa la kwanza kwamba atampeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Mungu akamchukua kabla. Alifia humo humo, kwenye kiti cha dereva, akirudi peke yake kutoka kumpeleka mgonjwa hospitali. Aliwahi kusogeza gari pembeni, moyo ukasimama. Jua lilimpiga vioo vikiwa vimefungwa, na waliomkuta kesho yake walijiziba pua kwa makoti. Gaudensia alikiosha kile kiti mwenyewe, kwa sabuni na majivu, huku akimwomba Mungu amsaidie asitapike juu ya mahali alipolala mumewe.

Siku alipolileta gari, Nurdin alimpangia juu ya benchi vifuniko vitatu vya makopo, kila kimoja kimepakwa praima yake.

"Rangi ya juu haina shida, mama. Maziwa ile ile ya zamani. Shida ni ya chini. Kijivu ni mpole, hagombani na mtu. Nyeupe itaifanya maziwa ing'ae. Hii nyekundu inazuia kutu kweli kweli, lakini chini ya maziwa itachungulia. Watu watasema gari limeona haya kwenye harusi."

Gaudensia alicheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. "Basi weka huyo mpole."

"Ila lazima nikwangue mpaka bati. Hii ya zamani imevimba."

"Hapana, fundi. Hiyo aliipaka mwenyewe kwa brashi. Ona mistari ya mkono wake. Ipige msasa kidogo tu, halafu ufunike."

"Mama, ni kama kufunga kidonda chenye usaha."

"Ni mkono wa mume wangu."

Nurdin aliokota msasa. Mjane habishiwi.

Sasa kijivu kilikuwa kimekataa kukauka, na kufika alasiri kilitoa malengelenge. Nurdin alipasua moja kwa ukucha. Likatoka jimaji la njano, na harufu yake ilimkumbusha mguu wa marehemu babu yake siku za mwisho, ule uliokuwa ukifungwa majani. Alikwangua malengelenge tu, asiguse mistari ya brashi, akampigia simu Gaudensia, naye akasema weka nyeupe. Nyeupe ilikatika mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Nzi wakaja. Hawakutua juu ya rangi tu. Waliingia ndani yake na kuzama, miguu ikichezacheza, mpaka boneti nzima ikawa inatetemeka taratibu.

Ile nyekundu, aliyoipuliza mwisho juu ya hizo zote, haikusumbua. Ilikauka kabla Nurdin hajaiweka chini bunduki ya kupulizia. Lakini alipozunguka kuitazama, mate yalimjaa mdomoni. Gari lilionekana kama ng'ombe aliyechunwa sasa hivi. Na kwenye mlango wa dereva, pale chini ya kitasa, aliona nyama ikirukaruka, kama zinavyoruka nyama za paja mnyama akiwa ameshakufa.

Siku hiyo ndiyo Marieta alikuja kuona kazi imefikia wapi.

Marieta alikuwa mtoto aliyelelewa kwa adabu. Tangu utoto wake hakupanda gari lile bila kusimama kwanza dirishani kwa dereva na kumwamkia baba yake. Alifika, akainama pale pale, na neno likamtoka kabla ya akili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Panda."

Nurdin alizima kompresa ili asikie vizuri. Alipogeuka, mlango ulikuwa umeshafungwa na msichana amekaa kiti cha mbele, anatabasamu, machozi yanamtiririka.

Kuanzia hapo alikuja kila siku. Nyumbani, kule Daudi, Marieta aliacha kula. Gaudensia alianza kuona alama za majimaji mekundu kwenye kikombe, kwenye kitasa, kwenye kitabu cha nyimbo. Akamshika mkono akaufunua. Ngozi ya kiganja ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa chembamba, kibichi, kinang'aa.

"Umefanya nini, Marieta?"

"Ni baba, mama. Yumo kwenye gari. Ananishika mkono. Anasema nisiolewe, nikae naye mbele."

Mama mwenye akili angepiga kelele. Gaudensia alikaa kitandani, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi? Hajaniulizia?"

Kesho yake walikwenda wote. Nurdin alijaribu kuwazuia getini. "Mama, usiende pale. Mimi mwenyewe siingii tena bila kusoma Ayatul Kursi." Gaudensia alipita kama hajamsikia.

"Mama Marieta," gari likasema. Ilikuwa sauti ya Isidori kabisa, na ule mkwaruzo wa tumbaku. "Mama Marieta, mbona umechelewa? Panda."

Alishika kitasa. Kilikuwa laini na chenye joto, kikajikunja kidogo ndani ya ngumi yake kama ulimi. Na harufu ikamfikia, si ya tumbaku wala ya jasho, bali ile aliyoiosha kwa majivu. Isidori wake hakuwahi kuwasha gari bila ishara ya msalaba, hata akipeleka mbuzi mnadani.

"Anza sala, baba Marieta," alisema. "Tusali kwanza, halafu nipande."

Kisha ndani mle kukasikika kitu kinatafuna, polepole, kama mtu anayetafuna mdomo wake mwenyewe akitafuta neno. Halafu kikacheka. Gaudensia akaachia kitasa.

Nurdin aliwapeleka kwa baba yake mdogo, Mzee Hatibu, mwalimu wa madrasa anayewasomea watu waliopagawa. Gaudensia aliingia na rozari mkononi. Mzee hakumwambia aiweke kando.

"Hicho kitu kilimkuta mumeo njiani," alisema, "kikakaa kwenye kiti chake kabla kiti hakijapoa. Kukaa tu si kitu. Ninyi mkakivika nguo, moja juu ya nyingine, mkaficha uchafu chini. Halafu mtoto akakiamkia. Shikamoo ni kumpa mtu ukubwa. Jini halina ukubwa kwa binadamu mpaka apewe."

"Tufanyeje, mzee?"

"Aliyetoa ukubwa aunyang'anye. Na nguo akivue aliyekivika. Si Nurdin. Wewe uliyechagua."

Walirudi mchana kweupe. Mzee Hatibu alisimama nyuma ya gari akisoma. Marieta alipelekwa dirishani, mama yake akiwa amemshika kiuno.

"Mwanangu," sauti ilisema, "huniamkii leo?"

Msichana hakuwahi katika maisha yake kumnyima mkubwa salamu.

"Sikuamkii," alinong'ona.

"Nimekulea hivyo?"

"Sikuamkii! Wewe si mkubwa wangu. Baba yangu tumemzika kule Daudi!"

Gari likaguna kwa chini, na Gaudensia akachukua chuma cha kukwangulia kutoka mkononi mwa Nurdin, akakizamisha kwenye mlango, na rangi haikutoka kama rangi bali ilitoka vipande virefu vilivyolowa, vyekundu juu, vyeupe katikati, vya kijivu chini, vimeshikana na mafuta ya njano, vikimwangukia miguuni na kujikunjakunja, na kadiri alivyochuna ndivyo sauti ya mumewe ilivyomlilia, Mama Marieta unaniumiza, Mama Marieta unanichuna, mimi Isidori wako, na yeye anasali Salamu Maria kwa kelele ili asiisikie, na kamasi linamrukia usoni na mdomoni, anatema, anachuna, mpaka akafika kwenye ile rangi ya zamani, kwenye mistari ya brashi, mistari ya mkono aliokuwa akiushika usiku kwa maisha yake yote ya ndoa, na hapo akasimama, na sauti ikawa laini kabisa ikasema hiyo niachie, hiyo ni yangu, na akamtazama binti yake mwenye viganja visivyo na ngozi, akakizamisha chuma.

Chini kulikuwa na bati tu.

Walichoma vile vipande kwa mafuta ya taa na matairi. Nurdin alitapika mara kadhaa na hakuona aibu. Kisha akapanga tena vifuniko vitatu, na Gaudensia akaelekeza kidole kwenye kijivu bila kusema neno. Kilikauka ndani ya saa ile. Viganja vya Marieta vikaanza kushika ngozi, na Jumamosi ya harusi, akiwa amevaa glovu nyeupe, alikwenda kanisani kwa Pijo ya rangi ya maziwa.

Nyumbani watu walikula na kucheza. Walimletea mama wa bibi harusi sahani ya nyama ya heshima, yenye mafuta. Alipoishika, aliona chini ya ukucha wa kidole gumba kijistari chekundu. Alikifuta kwa kanga. Hakikutoka. Kilikuwa kibichi.

Akaenda nyuma ya jiko, akakisogeza kidole karibu na sikio.

"Mama Marieta," kikasema, kidogo mno, kwa upendo mno. "Niache hapa tu. Padogo. Nani atajua?"

Alisikiliza. Ngoma ilikuwa imepamba moto uwanjani, na katikati ya vigelegele alimsikia binti yake akicheka. Muda mrefu alisimama hivyo, kidole sikioni, mjane ambaye kitanda chake kilikuwa baridi kila usiku.

Kisha akaweka kidole gumba juu ya gogo la kukatia nyama, akachukua kisu, akakiingiza chini ya ukucha na kuung'oa wote, akautupa motoni.

Harufu ilipopanda, mbwa waliokuwa wakingoja mifupa pale jikoni walisimama, wakarudi kinyumenyume, wakaondoka. Gaudensia alifunga kidole kwa kipande cha kanga. Akarudi uwanjani kucheza na mwanawe, na walipomuuliza, akasema amejikata akikata nyama.