Mgeni wa Chumba cha Kofia

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, lifti ya hospitali ya wazazi ilijaa pomoni: vikapu, chupa za chai, na mashangazi waliokuja kuamua mtoto kafanana na nani. Kwenye kona alibanwa dada mmoja mwenye gauni la buluu la kazini, nywele kasuka mistari myembamba. Hospitali nzima ilimwita Mama Kofia. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa hadi linakaribia kukata, amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

Bibi mmoja aliinama kuchungulia. "Hongereni, wanangu. Wa kike au wa kiume?"

Mwanamume alimtazama Mama Kofia, kisha akamtazama bibi. "Wa kiume, bibi. Ila sauti yake inakwaruza, ndiyo tunampeleka aangaliwe."

"Kafanana na mama yake," bibi akasema, na alikuwa hajaona hata ukucha.

Mama Kofia alikaza midomo hadi ghorofa ya nne. Waliposhuka, taulo lilifunuliwa, na ndani mlikuwa na spika. Ilikuwa spika ya chumba chake mwenyewe, na huyo ndiye fundi mpya wa mitambo. Hapo alicheka hadi akaegemea ukuta, na fundi akabaki amesimama kama mtu aliyesahau alikotumwa.

Kazi ya Mama Kofia haikuwa kutibu. Watoto wake walikuwa wazima, wana siku moja au mbili duniani, wameshiba na wamelala. Mzazi akikubali na kutia saini, mtoto huvikwa kofia laini yenye vidude vinavyonasa mawimbi ya ubongo, kisha husikilizishwa sauti mbili zikisema maneno yaleyale: ya mama yake, halafu ya mwanamke asiyemjua. Mistari kwenye kompyuta huonyesha jinsi ubongo mchanga unavyomtambua wake na kumshangaa mgeni. Profesa aliyeongoza utafiti alipenda kusema kwamba huwezi kuijua njia iliyopinda kama hujaijua iliyonyooka.

Sauti ya mgeni ilikuwa moja kwa watoto wote, miaka mitatu mfululizo, na haikuruhusiwa kubadilishwa. "Karibu, mwanangu," ilisema. "Kumekucha. Sote tupo hapa, tulikuwa tunakusubiri." Ilikuwa nzito kidogo, na mwishoni unasikia kabisa kwamba msemaji anatabasamu. Mama Kofia hakujua ni ya nani. Kwenye kompyuta ilikuwa namba tu.

Spika ilipona, ikaugua, ikapona tena, na fundi akawa haishi kupanda ghorofa ya nne. Simu nazo zikaanza. Kila jioni alitaka kujua kama amekula, na amekula nini, na kama ameshiba.

"Kwani wewe ni mume wangu au mpishi wangu?" Mama Kofia akamuuliza siku moja.

"Chagua mwenyewe, mpenzi. Nafasi zote mbili ziko wazi."

Alikata simu akiwa anacheka peke yake. Moyo wake ulikuwa umeshaingia wote, mzima mzima, na hakujisumbua kuutoa.

Basi asubuhi moja, mtoto kalala na kofia yake, sauti ya mgeni inasema, Mama Kofia akageuka. Fundi alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na sauti ile, neno kwa neno, tena ikiitangulia kidogo. Uso ulikuwa umelowa.

"Unamjua?" Mama Kofia akanong'ona.

"Ni mke wangu," fundi akasema. "Alikuwa mapokezi, hapo chini. Ana miaka miwili kaburini."

Mama Kofia alimaliza kipimo kwanza, maana mtoto wa watu hakuwa na kosa. Kisha akamuuliza kama alikuja hospitali hii kwa ajili ya ile sauti. Fundi hakudanganya. Simu iliyokuwa na sauti ya mkewe iliibwa wiki ya mazishi, hana pengine pa kumsikia, na alijua mkewe aliutolea utafiti huu sauti yake, ndiyo akaomba kazi hapa. Alipotaka kuendelea, akaambiwa aende zake.

Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakuwahi kufanya kazi kwenye chumba kile. Yule asiyekuwepo alikuwa na lake mara mbili, mara tatu kwa siku, na aliyekuwepo ndiye aliyekosa. Mama Kofia aliwawekea watoto sauti ya mwanamke aliyemshinda, kwa mkono wake, na kazi haikumruhusu kuigusa hata nukta. Ikawa inamfuata. Aliisikia kwenye ngazi, aliisikia bomba likitiririka. Simu za fundi ziliita na kukatika, wiki sita.

Jumatatu profesa akatangaza kwamba mtoto wa mwisho atapimwa Alhamisi, na Ijumaa saa sita mchana rekodi zote za sauti zitafutwa, kama wenye sauti walivyoahidiwa. Mama Kofia akatoa fomu ya idhini aliyojaza mgeni ili aifunge. Chini kabisa, kwa mwandiko wa duara, palikuwa na mstari mmoja: *Mume wangu akiitaka, apewe.*

Aliusoma mara tatu, akarudisha fomu kabatini. Alijiambia kwamba kidonda kinachokwanguliwa hakiponi, na kwamba anamfanyia fundi hisani. Ulikuwa ni wivu tu uliovaa koti la daktari, na mwenyewe alijua.

Alhamisi alipotoka kazini alimkuta fundi getini, kavaa shati jipya la samawati.

"Spika yako haijaharibika tangu mwezi wangu wa pili kazini hapa," fundi akasema. "Waya nilikuwa nalegeza mwenyewe. Nakuja mchana, sauti imezimwa, nikukute unafua kofia. Yule nilimfuata mwanzoni, sikatai. Wewe ndiye uliyenirudisha. Nataka nikuoe."

Maneno hayo aliyangoja kwa hamu, na sasa yamekuja hawezi kuyapokea. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa na la kuficha. Akaomba apewe hadi kesho.

Ijumaa saa tano alimpigia. "Njoo juu. Usichelewe."

Akamkabidhi fomu bila salamu. Fundi alisoma, akakaa kwenye kiti cha wazazi, akasoma tena.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na jana ulinisikiliza nikisema yote yale, na hii unayo."

"Ninayo. Niliogopa ukimpata yeye, mimi utaniacha na kofia zangu."

Fundi alitia saini kwamba anaipokea. Mama Kofia alinakili sauti kwenye flashi, akamwashia fundi aisikilize, akatoka na kumwacha naye. Alisimama ukumbini, wageni wanampita na vikapu vyao, naye anahesabu dakika kama anayesubiri hukumu. Saa sita ilipogonga aliingia, akafuta rekodi kwenye kompyuta kama alivyoagizwa. Fundi alikuwa amefumba flashi kiganjani, macho mekundu.

"Nitaiweka kwa mama yangu," akasema. "Hutamsikia nyumbani kwetu."

"Hapana." Mama Kofia alijishangaa. "Mimi nimemsikia mara nyingi kuliko wewe, fundi. Mwezi uliopita aliniita nikiwa naosha vyombo, nikamwitikia, 'Abee.' Jumatatu nikifungua chumba hiki asiponisemesha, sijui nitaanzaje siku. Mlete."

"Hutaogopa?"

"Nitaogopa. Mlete hivyo hivyo."

Fundi akainuka kitini. "Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekubali. Lakini ujue kabisa tutakaa watatu."

Fundi alifungua kiganja taratibu, akampa yeye ile flashi aitunze.