Saba kwa Tatu

Zikibaki siku mbili shule zifunguliwe, duka la vifaa vya shule halina tena adabu. Watu walibanana hadi kaunta haionekani, na Mwalimu alijipenyeza kwa bega, mkoba kaukumbatia kifuani, gauni lake la bluu limekunjamana kama limetolewa chupani. Jina la Mwalimu lilikuwa limemganda tu. Chaki na ubao aliviacha mwezi uliopita baada ya miaka sita ya kufundisha historia.

"Nipe dadu, kaka. Sita."

"Zilizobaki ameshika huyo," muuzaji akasema, akielekeza kidevu.

Huyo alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, miwani imeteremka puani. Pakiti ya dadu ilikuwa mkononi mwake.

"Unafanyia nini dadu sita?" Mwalimu akamuuliza.

"Vita."

"Na mimi vita."

Kijana akapandisha miwani, akamtazama vizuri. Kisha akamwekea ile pakiti mkononi. "Chukua wewe."

"Sijakuomba."

"Najua. Chukua tu."

Akaondoka, na Mwalimu akabaki na dadu zake na uso unaomchemka. Jumatatu asubuhi, alipofungua mlango wa kazi yake mpya ghorofa ya tatu, alimkuta yule yule ameketi dirishani, kalamu sikioni. Ofisini walimwita Kimya, maana neno lake la kwanza kwa siku lilikuja saa nne, na la pili likija ilikuwa bahati yako.

Kampuni ile ilitengeneza michezo ya vita ya mezani: ramani, kete za karatasi ngumu zinazosimama badala ya vikosi, na kisa cha vita iliyowahi kupiganwa. Kabla ya kisa kuchapishwa lazima kipimwe. Mwalimu, mpimaji mkuu, aliangalia kama mambo yalikuwa hivyo kweli. Kimya, mtu wa hesabu, aliangalia kama pande zote mbili zina nafasi ya kushinda, kwani nani atakaa saa nzima mezani na jeshi lisiloweza kushinda? Walicheza mara kumi, wakabadilishana pande baada ya tano, na kila hatua iliandikwa daftarini. Bi Mkubwa, mwenye kampuni, mjane mwenye sauti ya kuzima redio, alikubali sita kwa nne. Tofauti ikizidi hapo, kisa kinarudi jikoni.

Kisa chao cha kwanza kilihusu ngome ya mji wa chumvi. Walinzi mia tatu wamezingirwa, wanangoja jeshi la msaada; wakihimili hadi lifike, wameshinda. Mtunzi aliandika kwamba msaada ulifika siku ya kumi na mbili. Mwalimu akachimbua barua za kamanda wa jeshi hilo, akakuta matope yaliwachelewesha hadi ya kumi na tisa.

"Siku saba nzima, Kimya. Kila aliyeandika habari hizi amenakili kosa lile lile," alisema, macho yanamwaka.

"Basi tuweke kumi na tisa," Kimya akasema.

Wakacheza. Mwalimu alishambulia mara tano, akashinda zote. Wakageuza pande, akalinda mara tano, akashinda nne. Ukijumlisha, washambuliaji sita, walinzi wanne. Kila aliposhinda aliinuka na kuzunguka meza akijipigia makofi, na Kimya alicheka kicheko chake cha puani. Siku ya mchezo wa saba alimshika mkono akauacha hapo hapo, juu ya ramani, katikati ya mto.

"Umekaa juu ya daraja langu," Mwalimu akamwambia.

"Nilipue basi."

Hakumlipua. Kilichofuata unakijua: chai ya saa kumi kwenye vikombe viwili vya rangi moja, simu za mchana zisizo na habari yoyote, "umekula, laazizi?" na "nimekula, wewe je?" Dada yake Mwalimu alimuuliza huyo bwana ana nini cha kumfanya acheke peke yake kwenye ngazi. Mwalimu akajibu, "Ananichukulia kama mtu mwenye akili." Naye aliamini hivyo kabisa.

Miezi miwili baada ya mchezo kuingia madukani, barua ikaja. Bi Mkubwa aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni, kitenge chake kimefungwa kwa hasira.

"'Chama chetu kimecheza kisa cha ngome mara thelathini. Walinzi hawajashinda hata mara moja. Je, huyo aliyepima amewahi kucheza mchezo wowote?'" Akaikunja. "Sahihi kwenye ripoti ni ya nani?"

"Yangu," Mwalimu akasema.

"Basi kesho Ijumaa saa tatu unieleze. Kama huna la kueleza, kile kiti nitampa mwingine."

Kimya hakuwapo siku hiyo, alikuwa amempeleka mama yake kliniki ya macho. Mwalimu akajifungia na daftari. Mwanzoni alitafuta kosa lake mwenyewe. Kisha akafika mchezo wa saba, mzunguko wa nane. Lango la ngome lilikuwa wazi. Mizinga ya Kimya ilikuwa hatua moja tu. Iligeuzwa, ikarudishwa mtoni. Mchezo wa nane, lango wazi, mizinga ikarudi mtoni. Wa tisa na wa kumi, hivyo hivyo.

Ukisahihisha mitihani miaka sita unamjua mtoto asiyejua, na unamjua anayejua akaamua kukosea. Mwalimu aliweka kalamu chini. Alihisi amevuliwa nguo mbele za watu.

Simu ikalia.

"Roho yangu," Kimya akasema, "mama anakusalimu. Daktari amesema—"

"Mchezo wa saba, mzunguko wa nane. Mizinga yako ilikuwa inakwenda wapi?"

Upande wa pili alisikia muuguzi akiita namba.

"Kimya, nakuuliza."

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema mwishowe. "Zile siku kumi na tisa. Ulikuwa kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikaona nikikushinda kila mara, zitaonekana ndizo zimeharibu kisa, na utazifuta."

"Kwa hiyo uliniachia."

"Nilikupenda."

"Ulinidanganya kwa maandishi. Mara nne. Mimi nimezunguka meza nikijipigia makofi, nawe umekaa unanitazama kama mtoto aliyefunga kamba za viatu. Kazi yangu ni kusema kweli. Sina kingine. Niliacha shule kwa sababu hiyo, nilichoka kufundisha makosa ya vitabu, na wewe umenifanya nitie sahihi uongo."

"Mpenzi, nisikilize."

"Usiniite hivyo." Akakata. Simu ililia tena mara sita, akaitia droo.

Ijumaa alivaa suti yake nyeusi, ile ya misiba na usaili. Alipofika kwa Bi Mkubwa saa tatu kasoro, alimkuta Kimya ameshasimama mezani, na juu ya meza barua ya kuacha kazi.

"Mwenzako amekuja toka saa mbili," Bi Mkubwa akasema. "Anasema kosa ni lake lote, wewe hukujua lolote. Nimwachie aende, wewe ubaki?"

Kimya hakugeuka. Mwalimu akaitazama ile barua, herufi zake nzuri zilizonyooka, na badala ya kushukuru alipandwa na hasira mpya.

"Unaona?" akamwambia. "Hata hapa unaniachia. Nani amekutuma?" Akageuka kwa Bi Mkubwa. "Daftari lilikuwa mikononi mwangu. Hatua zote zimeandikwa, nami sikuzisoma kwa sababu nilipenda nilivyoshinda. Kosa ni letu wawili."

Bi Mkubwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua nyanya. Akaichana barua.

"Mtakipima upya. Nataka michezo kumi Jumatatu adhuhuri, na daftari nitalisoma mwenyewe, hatua kwa hatua. Mkipata njia ya kukisawazisha bila kupotosha historia, sita kwa nne au chini ya hapo, nitachapa sheria mpya na kuwatumia wateja. Ikizidi, Mwalimu, utakiacha kiti. Na wewe," akamnyooshea Kimya kidole, "nikiona mzinga mmoja unakwenda kuoga mtoni, mnatoka wote."

Jumamosi asubuhi ofisi ilikuwa tupu. Walikaa pande mbili za ramani kama watu waliokutana mahakamani. Mwalimu alichukua walinzi.

"Cheza," akasema.

Kimya akacheza. Na hapo ndipo Mwalimu alipomjua mtu aliyempenda. Alikuwa mkali. Alikata njia ya maji, akaweka mizinga mahali asipopategemea mtu, akavunja lango siku ya kumi na moja. Wakapanga upya, lango likaanguka siku ya kumi na tano. Wakapanga tena, likaanguka ya kumi na mbili. Mwalimu alipigwa vibaya, na kila kipigo kilimuuma kwa namna isiyofanana na uchungu wa Alhamisi. Huu ulikuwa wake, aliustahili.

Baada ya kipigo cha nne alibaki ameikodolea macho ile hesabu ya siku.

"Kwenye barua za kamanda, ngome ilianguka siku ya kumi na tatu," akasema taratibu. "Msaada ulipofika walikuta majivu. Walinzi wa kweli hawakushinda, Kimya. Kwa nini tunawadai wetu washinde? Wakipita siku ya kumi na tatu, wamefanya zaidi ya wale. Tuhesabu huo ndio ushindi."

Kimya alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Siku kumi na tisa zinabaki."

"Zinabaki."

"Hilo ni zuri," akasema. "Sikusifu. Nasema ni zuri."

Wakaanza kumi rasmi. Hawakuitana laazizi wala mpenzi. Walisemezana "zamu yako" na "andika". Jumapili jioni kila mmoja alishika njia yake. Jumatatu saa nne, michezo tisa ilikuwa daftarini: washambuliaji sita, walinzi watatu. Umebaki mmoja, na Kimya ndiye anayeshambulia.

Kila mmoja aliijua hesabu. Kimya akishindwa ni sita kwa nne, kiti cha Mwalimu kimepona. Akishinda ni saba kwa tatu.

Jasho lilimtoka Kimya shingoni, kola ya shati ikalowa. Mwalimu alilinda kwa akili zake zote. Alilipua daraja, akaficha watu ghalani, akamrudisha nyuma mara mbili. Siku ya kumi ikapita, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Ikaja ya kumi na tatu, zamu ya mwisho, na lango limebaki na kete mbili dhaifu. Mizinga ya Kimya ilikuwa hatua moja. Kwenye ramani palikuwa na hatua nyingine halali, ukingoni mwa msitu, hatua ambayo hata Bi Mkubwa asingeitilia shaka. Mwalimu aliiona. Alijua na Kimya ameiona.

Dakika nzima mkono wa Kimya ulisimama juu ya ramani. Alipoinua macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimesoma barua yako ya ajira, kiti kikienda na kazi imekwenda," akasema. "Ukitoka hapa huna pa kurudi."

"Mimi ndiye niliyeitia sahihi," Mwalimu akamjibu. "Cheza unavyojua."

Akasogeza mizinga langoni. Akarusha dadu. Ngome ikaanguka.

Mwalimu akaandika kwa mkono wake mwenyewe: washambuliaji saba, walinzi watatu, tofauti imezidi, inapendekezwa siku ya ushindi iwe ya kumi na mbili, ipimwe upya na watu wengine. Akatia sahihi, Kimya akatia yake, wakapeleka.

Bi Mkubwa alisoma daftari zima, hatua kwa hatua, na wao wamesimama. Ilipita saa nzima. Alipofika ukurasa wa mwisho alikaa akiitazama ile hatua ya mizinga.

"Kama mngetaka, mngeniletea sita kwa nne," akasema.

"Ndiyo," Mwalimu akasema.

"Neno langu ni lile lile. Kiti utakiacha." Akafunga daftari. "Ila nitawaandikia wale wa chama kwamba aliyepima amecheza."

Ngazi za ghorofa tatu zilikuwa ndefu siku hiyo. Mwalimu alikuwa na sanduku la vitabu vyake, Kimya hakumpokea, maana alimkataza. Walipotoka nje kwenye jua na kelele za magari, alilitua ukutani.

"Umenifukuzisha kazi," akasema.

"Nimekufukuzisha."

"Ungeweza kuniachia."

"Ningeweza."

Mwalimu alimtazama yule mtu mrefu, shati limelowa, macho mekundu, na moyo wake ukalegea wote kwa mara moja, hata akaona aibu.

"Basi nioe," akasema. "Mwezi ujao. Tutakaa kwangu, nyumba ya kutosha ninayo, na kazi nitatafuta."

Kimya alipandisha miwani puani.

"Kukuoa, nitakuoa," akasema. "Mwezi ujao, hapana. Mama anapasuliwa jicho wiki ya pili, nataka aniangalie nikioa, si aelezwe. Na kwako sihamii. Bafuni panavuja, jirani yako anagombana na redio, na kitanda chako kifupi."

Mwalimu alingoja acheke, aseme anatania. Hakucheka. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya kumi na tatu.

"Kitanda changu si kifupi," Mwalimu akasema.

"Kifupi."

"Wewe ndiye mrefu."

"Kwa hiyo hakinitoshi. Sihamii."

Mwalimu akaegemea ukuta kando ya vitabu vyake, katikati ya wapita njia, akalia na kucheka kwa pamoja. "Haya," akasema alipopata pumzi. "Endelea. Nini kingine hutaki?"