Dereva wa Annastella

"Annastella, hujatutambulisha. Kaka huyu ni nani?"

Swali la Bi Esther, bosi aliyetoka makao makuu Dodoma, lilimkuta Annastella mguu mmoja uko ndani ya gari. Akamtupia Kaijage jicho: ovaroli la gereji, kucha zenye grisi. Gari la ofisi lilikuwa limegoma asubuhi hiyo, naye Kaijage akaacha kazi zake Kitendaguro, akaja mbio na Noah yake ili mchumba wake asiaibike mbele ya wageni.

"Huyu? Ni dereva tu."

Mdomo huo! Jumamosi Kaijage anapeleka posa kwao Annastella, Ijumbi, mama mkwe ameshavundika ndizi za rubisi, pombe ya sherehe, halafu leo mtu anaitwa dereva tu.

Kaijage akashika usukani. Annastella akakaa nyuma na wageni. Njiani Kaijage akapitisha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama alivyofundishwa kwao Kashozi kumkarimu mgeni. Bi Esther na Klaudia, mgeni mwenzake, wakatafuna na kusifia.

"Na wewe, dada?" akamwuliza kupitia kioo.

"Asante, situmii."

Mwongo! Ameitafuna tangu utotoni.

Walikuwa wanakwenda msitu wa hifadhi wa Minziro kumtafuta kasuku wa kijivu, yule adimu mwenye mkia mwekundu. Annastella ndiye aliyeipigania safari hiyo, kwa kuwa alimtamani ndege huyo tangu yuko shule. Lakini walipoingia msituni, wengine wakitazama juu ya miti, yeye alitazama simu.

"Nisamehe mpenzi, nilipitiwa," akaandika.

Jibu likaja: "Bila samahani, dada. Nawasubiri kwenye gari. Jumamosi nitamwambia baba asisumbuke. Nani atamposea dereva?"

Akatia simu mfukoni. Akageuka.

"Unakwenda wapi? Kasuku wako karibu, nawasikia!" akanong'ona Mustapha, mwongozaji wao.

"Mtanisimulia."

Hajafika mbali, akamsikia Klaudia: "Yule pale! Ona mkia!"

Annastella hakugeuka. Alimkuta Kaijage ameegemea boneti.

"Kaijage, niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya ovaroli lako."

"Ovaroli hili ndilo limekuleta hapa."

"Najua. Sasa najionea aibu mwenyewe."

"Ulinikana mbele ya watu, Annastella. Unaniomba msamaha porini, hakuna anayesikia."

Ukweli huo ulimchoma. Akasimama pale pale mpaka wageni wakatoka msituni wakionyeshana picha.

"Stella, umemkosa!" Klaudia akasema.

"Bi Esther, asubuhi nilikudanganya." Akamwelekezea Kaijage mkono. "Huyu si dereva. Ni Kaijage, mchumba wangu. Jumamosi alikuwa aje kwetu kuposa. Ameacha kazi yake kutusaidia, mimi nikazionea haya nguo zake."

Klaudia akainamia kamera. Bi Esther akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Mwanangu," akasema, "umenitia aibu hata mimi niliyemwita dereva njia nzima."

Kaijage akaingia garini, akawasha. Annastella akafungua mlango wa nyuma, uso chini.

"Huko wanakaa wageni," Kaijage akasema, akausukuma mlango wa mbele.

Annastella akakaa mbele, akanyoosha kiganja.

"Naomba akamwani."

"Si ulisema hutumii?"

"Natumia," Annastella akajibu kwa sauti, wote wakisikia, machozi yakimtiririka. "Tangu utotoni."

Kaijage akammiminia kiganja tele.

"Mpigie mama," akasema. "Mwambie aendelee na rubisi yake."